Gari la Watalii Lililochoka: Anzia Chini, Malizia Kwenye Kadi

Kila masika, kati ya Machi na Mei, wageni wanapopungua na udongo mweusi unapoanza kushika magurudumu, hukosi kusikia Robanda, Nata au Mugumu kwamba kuna gari la utalii linauzwa. Kampuni inabadilisha magari, au mwenye gari ana ada za shule, au dereva mzoefu amepata gari la bosi wake wa zamani na anatafuta mteja. Bei inavutia kwa sababu gari lenyewe ni lile lile ulilozoea kuliona likipita kwenda Geti la Ikoma: refu, rangi ya kaki, paa linafunguka, linapita kila mahali.

Mnunuzi hufunguliwa boneti, injini inawashwa, inanguruma vizuri, watu wanatikisa vichwa, na fedha zinahesabiwa. Hapo ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Injini ya gari la utalii ndiyo iliyotunzwa kuliko kitu kingine chochote, maana hakuna kampuni inayotaka wageni wake walale porini katikati ya simba. Kilichoumia ni chasi, na kilichofichika ni kodi. Injini ikifa, utapata nyingine. Chasi iliyokatika, au kadi yenye msamaha wa kodi ambao hukuambiwa, vinaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka kununua gari la namna hiyo, iwe kwa shughuli za kambi, kubeba mizigo ya duka au kuanza biashara yako ya kutembeza wageni.

Jua kwanza unanunua nini

Magari utakayokutana nayo ni ya aina mbili kubwa.

Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 ndizo nyingi zaidi. Za zamani ni HZJ75, zenye springi za majani mbele na nyuma. Kuanzia 1999 zilikuja HZJ78 na HZJ79, zenye koili springi mbele na za majani nyuma. Zote hizi hubeba injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Injini hii inavumilia mengi, na fundi wa kijijini anaifahamu.

Land Rover 110, au Defender kama ilivyoitwa kuanzia 1990, ndiyo ya pili. Angalia injini iliyomo. 300Tdi, iliyotoka 1994, ni ya mikono ya fundi wa kawaida. Td5, iliyoanza 1998, ina silinda tano na inaongozwa na kompyuta, kwa hiyo ikigoma utahitaji mtu mwenye mashine ya kuisoma. Kwa mtu wa Robanda, mbali na karakana kubwa za Arusha na Mwanza, mimi ningechagua 300Tdi iliyochakaa kidogo kuliko Td5 inayong'aa.

Mara mojamoja utasikia habari ya Land Rover ya petroli yenye V8. Injini hiyo asili yake ni Marekani: ilikuwa ya Buick, na kampuni ya Rover ilinunua haki ya kuitengeneza mwaka 1965. Inanguruma vizuri sana na inakunywa petroli vizuri zaidi. Kama huna kisima cha mafuta, iache kwa wapenzi wa magari ya kale.

Kabla ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji asiwashe gari siku hiyo hadi ufike. Injini iliyokwishapashwa moto huficha ugonjwa.

Nenda asubuhi, siku isiyo na mvua, na gari liwe halijaoshwa chini. Gari lililooshwa chasi kwa mashine siku ya kuja mteja limeoshwa kwa sababu.

Chukua vitu hivi:

☐ tochi kali
☐ sumaku ndogo
☐ nyundo ndogo na bisibisi
☐ kitambaa cheupe
☐ turubai au gunia la kulalia
☐ jeki na magogo mawili ya kukingia
☐ fundi *wako*, siyo aliyeletwa na dalali

Mlipe fundi wako hata kama hutanunua. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu ataliona zuri.

> TAHADHARI
> Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Zuia magurudumu kwa mawe, weka magogo chini ya chasi, kisha lisukume kidogo kwa mkono kuona kama limekaa. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto.

Hatua ya 1: Lala chini

Kwanza uelewe kwa nini. Land Cruiser nyingi za utalii hazikutoka kiwandani na urefu ule. Zilikatwa katikati huku kwetu, hasa Arusha, zikaongezwa kipande cha chasi na bodi ili zipate safu nyingine ya viti. Kazi hiyo ikifanywa na karakana inayojua, gari linadumu. Ikifanywa kwa haraka, lile ungio ndilo litakalobeba adhabu yote. Barabara za huku, kwa mfano ile ya Seronera kwenda Naabi, zina mawimbi kama bati la paa, na gari lililojaa wageni, mizigo, friji na tangi mbili za dizeli hupigwa humo miaka na miaka. Chuma huchoka.

Sasa lala chini na tochi, ufuate reli ya kulia kutoka mbele hadi nyuma, kisha ya kushoto. Usiruke.

1. Pale boksi ya usukani inapofungwa. Futa vumbi kwa kitambaa. Ufa hauonekani kama ufa. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaovuja kutoka ndani ya rangi, mara nyingi ukianzia kwenye tundu la bolti. Ukiuona, mwambie mtu akae ndani azungushe usukani kushoto na kulia huku injini ikiwa imezimwa. Ukiona chuma kinapumua, yaani mstari unafunguka na kufunga, umemaliza ukaguzi. Nenda nyumbani.

2. Mahali shokapu na springi zinaposhika. Angalia welding za rangi tofauti. Welding ya kiwandani ni nyembamba na sawasawa. Ya barabarani ina manundu na imezungukwa na rangi iliyoungua. Bamba lililochomelewa juu ya chasi si lazima liwe baya, ila lazima muuzaji aeleze lilifuata nini.

3. Ungio la kurefusha. Tafuta lilipo, pande zote mbili, kwa kawaida nyuma ya mlango wa mbele. Ungio zuri lina bamba la kuongeza nguvu lililovuka mbali pande zote za kiungo. Chuma kilichounganishwa ncha kwa ncha bila bamba ni cha kukataa. Gonga kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

4. Propela. Gari lililorefushwa lina propela iliyorefushwa au yenye beringi ya katikati. Ishike uitikise. Ikicheza, utasikia mtetemo ukifika mwendo wa kati.

5. Kwa Land Rover: bodi ni ya alumini na haioti kutu nyekundu, kwa hiyo watu husema gari "halina kutu". Chasi yake ni ya chuma na inaoza kama nyingine. Choma kwa bisibisi boriti ya mwisho nyuma, mikono inayoshika bodi pembeni, na ukuta wa mbele ulio chini ya kioo, hasa kwenye kona za miguu ya dereva. Bisibisi ikizama, chuma kimekwisha. Sumaku itakusaidia hapa kwenye vile vya chuma tu: isiposhika, chuma kimefunikwa puti.

Uliza pia gari lilifanya kazi wapi. Lililoshinda Ndutu au ndani ya Kreta ya Ngorongoro limekula vumbi la magadi, na magadi yakipata unyevu hula chuma haraka. Lililovuka mito wakati wa masika limekunywa maji, na hilo linatupeleka hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Difu, giaboksi na habu

Legeza nati ya kujazia oili ya difu ya mbele na ya nyuma, ingiza kidole. Oili iliyogeuka nyeupe ina maji. Oili yenye chenga zinazong'aa ina meno ya gia ndani yake. Fanya hivyo hivyo kwa giaboksi na transfa.

Nenda mbele, nyuma ya gurudumu, uangalie lile duara kubwa la chuma ambalo gurudumu hugeukia juu yake. Likiwa limelowa mchanganyiko wa oili na grisi unaochuruzika hadi kwenye tairi, sili za ndani zimekufa. Kwa Land Cruiser huu ni ugonjwa wa kawaida, unatibika, na ni sababu nzuri ya kushusha bei. Kwenye Land Rover angalia pia kama lile duara lina vishimo vya kutu, kwa sababu sili mpya juu ya vishimo haidumu.

Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, ni beringi au pini za juu na chini. Lishike kushoto na kulia: likicheza hapo, ni tairodi.

Hatua ya 3: Injini, ikiwa baridi

Gusa bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, mmeanza vibaya; ahirisha.

Fungua rejeta. Maji yenye utando wa mafuta ni dalili ya gasketi au hedi. Vuta kijiti cha oili: nyeusi ni kawaida kwa dizeli, nyeupe au ya maziwa siyo. Kisha chungulia mbele ya rejeta kwa tochi. Magari ya huku hupita kwenye majani marefu, na mbegu za majani hujazana kati ya mapezi hadi upepo haupiti. Injini iliyoendeshwa hivyo imechemka si mara moja, hata kama leo mshale wa joto umetulia.

Fungua boksi la filta ya hewa. Pangusa kwa kitambaa cheupe *upande wa ndani* wa bomba, ule unaoelekea kwenye injini. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikilisha silinda zake mchanga. Hili wauzaji hawalioshi kwa sababu hawajui kama utaliangalia.

Sasa washa. Hita plagi zikiwa nzima, 1HZ inashika mara moja au mbili. Soma moshi:

- Wa bluu usiokoma: inakula oili.
- Mweupe wa sekunde chache asubuhi: si tatizo. Mweupe usiokwisha: maji yanaingia, au nozeli na pampu vimechoka.
- Mweusi ukikanyaga: filta imeziba au pampu imefunguliwa mafuta mengi ili gari lionekane lina nguvu.

Injini ikiwa inazunguka taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa huku moshi ukipuliza nje kwa mapigo, ringi za pistoni zimekwisha.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na uombe risiti. 1HZ na 300Tdi zote zina mkanda. Kwa 1HZ kawaida ni kila kilomita 100,000, na dashibodi ina taa yake. Taa hiyo huzimwa kwa kurudisha hesabu tu, kwa hiyo taa kuzimika si ushahidi. Kwenye vumbi kama hili usisubiri kikomo. Td5 haina mkanda, ina cheni, lakini chomoa plagi nyekundu ya kompyuta yake iliyo chini ya kiti: ukikuta oili ndani, waya za nozeli zinavuja na oili imepanda hadi huko.

Mita ya kilomita ipuuze. Nyingi zimekufa au zimebadilishwa. Angalia pedali, kitasa cha gia na kiti cha dereva: hivyo havijui kudanganya.

Hatua ya 4: Liendeshe mwenyewe

Huna haja ya kuingia hifadhini na kulipia kiingilio ili kujaribu gari. Njia ya Robanda kuelekea Mugumu inatosha. Endesha si chini ya nusu saa, redio imezimwa, mshale wa joto machoni.

1. Ukifika kwenye mawimbi, shika usukani kwa vidole tu. Gari likianza kutikisa usukani kwa nguvu, rudi kwenye bushi, pini na tairodi.
2. Piga breki kavu, mahali pasipo na watu wala mifugo. Linavuta upande mmoja? Andika.
3. Achia mafuta ghafla ukiwa gia ya tatu, kanyaga tena. Mlio wa "ko!" chini ni mchezo wa propela na difu.
4. Kwa Land Cruiser, tafuta mlima au tope, funga habu za mbele, weka fowili, halafu gia ndogo. Usikubali maneno ya "inafanya kazi ila leo imekwama". Dereva aliyekuwa akitumia fowili kila wiki hawezi kuwa na fowili iliyokwama.
5. Badili tangi la dizeli, kama yapo mawili. Gari likizimika, tangi la pili ni pambo.
6. Ukirudi, acha injini izunguke dakika kumi, lala chini tena. Matone mapya yatakuonyesha yanapotoka.

Paa na viti vikague haraka: mwagia maji, ona yanapoingia. La muhimu zaidi ni nyaya. Magari haya yalifungwa redio ya upepo, friji na chaja za kamera, na kila kitu kilipoondolewa waya ulibaki unaning'inia. Waya usio na fyuzi unaopita karibu na chuma ni moto unaosubiri siku yake.

Hatua ya 5: Kadi

Hapa ndipo ninapokuomba utulie kuliko kote.

> KODI ILIYOLALA
> Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, magari yaliyoundwa maalumu kwa kubeba watalii yanaweza kuingizwa nchini na kampuni zenye leseni bila kulipiwa ushuru. Sharti lake ni kwamba matumizi yakibadilika au gari likiuzwa, kodi inadaiwa.
> Maana yake kwako: gari linaweza kuwa zima, kadi ikawa halisi, muuzaji akawa mkweli kuhusu kila nati, na bado likawa na deni la forodha ambalo litajitokeza siku unapotaka kuhamisha umiliki.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata kishika uchumba:

1. Linganisha namba ya chasi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chasi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Land Cruiser itafute kwenye reli ya kulia, mbele, karibu na gurudumu. Kwa Defender pia ni reli ya kulia mbele, na ina herufi na tarakimu 17 zinazoanza na SALLD. Namba iliyosagwa, iliyochomelewa pembeni au yenye rangi mpya peke yake ni sababu ya kuondoka. Linganisha na namba ya injini pia. Injini iliyobadilishwa bila kadi kurekebishwa ni kazi utakayoachiwa wewe.

2. Peleka namba hizo ofisi ya TRA, uulize mambo matatu: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, gari liliingia kwa msamaha au lililipiwa, na kama lina zuio lolote. Jibu likiwa kwamba liliingia kwa msamaha, omba makadirio ya kodi kabla ya kujadili bei.

3. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa TMS, na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA MIS.

4. Hakikisha unayempa fedha ndiye aliye kwenye kadi. Kama ni kampuni, dai barua yake rasmi ya kuidhinisha mauzo. Kama mwenye gari amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, siyo kaka mkubwa mwenye funguo. Kama kadi "iko benki", gari ni la benki hadi mkopo uishe.

5. Namba nyeupe ni za biashara, za njano ni za binafsi. Ukibadili matumizi, badili na usajili. Na ukitaka kubeba abiria kwa nauli, hiyo ni leseni ya LATRA, haiji na gari.

Kwa walio upande wa Tarime: gari lenye namba za Kenya linalouzwa Sirari kwa bei ya kutupa bado halijalipiwa kodi Tanzania. Kibali cha muda cha kuingia nchini si umiliki.

Makosa yanayorudiwa

Kudanganywa na rangi mpya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari lililopigwa rangi wiki ya kuuzwa limeanza kujitembeza.

Kumwamini dereva wake wa zamani kuliko macho yako. Dereva analipenda gari. Anajua namna ya kuliwasha hata likiwa mgonjwa.

Kulipa yote kisha "kadi tutashughulikia baadaye". Andikishianeni mkataba mbele ya wakili, utaje namba ya chasi, bei, kasoro mlizokubaliana, na nani analipa kodi ikijitokeza. Lipa kupitia benki ili kuwe na ushahidi.

Ukishanunua

Usilipeleke kazini kesho yake. Badilisha oili zote, za injini, giaboksi, transfa na difu mbili, pamoja na filta zote. Weka mkanda mpya wa taimingi hata kama umeoneshwa risiti, kwa sababu risiti haizungushi injini. Safisha mapezi ya rejeta kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda nje. Kaza bolti zote za springi na boksi ya usukani, kisha uzikaze tena baada ya wiki mbili za barabara.

Na wiki hiyo hiyo wewe na muuzaji mfanye uhamisho TRA, kila mmoja na TIN yake, mlipe ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, halafu ukate bima kwa jina lako. Hadi kadi mpya itoke, weka nakala ya mkataba ndani ya gari na nakala nyingine nyumbani.